Kazi Imeisha, Sema Tu

Jioni ile mwalimu wa Kingereza alijaza ubao muzima na maneno ya mutu mwenye anapoteza kazi, na mimi, nimekaa pale na mikono ingali inanuka vitunguu, nikasikia hasira inanipanda. Siyo juu ya mwalimu. Yeye ni kijana mupole. Anafundisha katika sale moja ya shule ya parokia, wakati watoto wa shule wameisha kurudi nyumbani na siye wakubwa tunaingia kukaa kwenye viti yao ya kidogo, magoti inataka kugusa kidevu. Mimi nilianza masomo ya jioni nikiwa na watoto tayari. Kwanza nilijifunza kusoma na kuandika vizuri, nyuma Kifransa, sasa Kingereza, juu napika kwa wageni na hawa wageni wanasemaka Kingereza. Kama husikii vile wanasema, unamupikia pilipili mutu mwenye tumbo inamuuma.

Basi mwalimu aliandika. Kumbe kwa Kingereza neno ya kweli ya kufukuzwa iko, lakini wanaiweka chini ya sanduku, na ile wanatoaka inje kila siku iko na nguo juu yake. Wanasema “let go”, maana yake wamekuachilia uende, kama vile weye njo ulikuwa unavuta kamba unataka kutoroka. Wanasema “laid off”, wamekulaza pembeni polepole, kama mutoto mwenye usingizi imemubeba. Wanasema mutu anaenda kutafuta nafasi zingine, hata kama yeye mwenyewe hajui ile nafasi iko upande gani ya dunia. Na kuko ile ya “redundant”, mwalimu alitafuta namna ya kuieleza mpaka jasho ikamutoka. Mwisho alisema:

“Ni kusema weye uko muzuri, lakini umezidi.”

“Nimezidi kama chumvi?” aliuliza mama mumoja mwenye anauzisha samaki sokoni.

“Kama chumvi, mama.”

“Basi mwenye aliitia njo afukuzwe.”

Watu wakacheka. Kijana mumoja wa moto, mwenye anabeba watu na pikipiki katikati ya mugini na Nyakasanza, alisema wao hawana ile shida ya maneno. “Asubui mwenye moto anakuja, ananyoosha mukono, unatia ufunguo ndani ya mukono. Hata bonjour hakuna.”

Mwingine alikuwa amechimba dhahabu kule Mongbwalu. “Siye kule,” alisema, “shefu wa shimo anazima mashini ya maji, anaenda kula. Ukiona ameisha kula na mashini haijawaka tena, unachukua beleshi yako.”

“Na kama anakula muda murefu?” aliuliza mama wa samaki.

“Unangoja. Mimi nilingoja mpaka kesho yake.”

Mwalimu alipangusa uso, akauliza, “Na siye hapa Bunia, tunasemaje?”

Kila mutu akarusha yake. Wamemufukuza. Wamemukata. Wamemusukuma. Mimi ndani yangu nilisema: waongo nyiye. Ile yote tunasemaka wakati mutu haiko. Akitokea kwenye mulango, tunamezea. Karibu na kwangu kuko papa mumoja, wanasema iko konje, ao likizo. Iko konje tangu mvua ya mwaka ule. Bibi yake amezaa mapacha ndani ya konje ile, na mapacha wameanza kutembea, na ukiuliza watu wa barabara yetu wote watakuambia vile vile: papa iko konje. Na wenye walisoma sana wanatumia Kifransa, wanasema wamemushukuru. Wanakuondoa, unarudi nyumbani na sanduku, na ile wanaiita shukrani. Kwa hiyo tusicheke Kingereza. Siye tuko na nguo yetu pia, tena nguo nzito.

Hasira yangu lakini haikutokea kwenye ubao. Ilitokea kazini, asubui ya siku ile ile, na niliingia darasani ikiwa ingali ya moto.

Kazini kwetu ilikuwa ni proje, muradi ya wageni. Shefu yetu ni madamu moja, mutu wa mbali, mwenye roho muzuri, siwezi kusema uongo. Asubui ile alituita wote chini ya payoti, kile kibanda ya majani: madereva, mama wa kufagia, wasentineli wenye wanachunga mulango, na mimi na fartaa yangu ya kupikia kiunoni. Alisimama, akasema kwa Kingereza. Alisema muda murefu, na katikati sauti yake ilikatika kidogo. Mimi nilikuwa ninajua anataka kusema nini, juu tangu majuma mingi wanaisemaka kwenye meza, wakati naleta sahani, kama vile mupishi hana masikio. Pesa ya proje imeisha. Mwisho wa mwezi biro, ofisi yote, inafungwa. Kila mutu anaenda kwake, madereva, wasentineli, mimi, hata yeye madamu.

Sasa sikiliza namna maneno ilisafiri. Madamu alisema kwa Kingereza. Papa wa lojistiki, mwenye anaangalia vitu na magari ya proje, akageuza kwa Kifransa, na kwa Kifransa yake proje ilikuwa inaingia katika hatua ingine, na madamu anatambua muchango ya kila mutu. Nyuma, juu wasentineli hawasikii Kifransa, dereva mukubwa akageuza kwa Kiswahili. Alikohoa. Akasema:

“Madamu anasema aksanti sana kwa kazi yenu. Tuko pamoja. Mungu awabariki.”

Watu wakapiga mikono.

Mimi niliangalia huku na huku. Madereva wanajua. Mama wa kufagia wanajua, mimi mwenyewe niliwaambia. Papa wa lojistiki anajua kuliko wote. Na baada ya pale wakaleta mashini ya foto, na mutu yeyote mwenye amepita kwenye proje hapa Bunia anajua ile maana yake. Siku wanapiga foto ya watu wote mbele ya gari, na wanamuita mpaka mupishi atoke jikoni, ile kazi imekufa. Hakuna proje inapigaka foto ya mupishi kama iko na pesa.

Mutu mumoja tu hakujua. Ni muzee wa mulango.

Muzee huyu alikuwa mupya kwetu. Maisha yake yote alichunga ng'ombe, za baba yake na nyuma za watu wengine, mpaka vita ikamaliza ng'ombe. Kazi ya proje hii njo ilikuwa ya kwanza. Bibi yake na watoto walibaki upande wa Komanda, kwenye shamba, na yeye alikuwa anapanga chumba kidogo Nyakasanza. Tangu afike, wimbo yake ilikuwa moja: atawaleta. Watoto wasome Bunia. Alikuwa ameisha kupata nyumba ya vyumba mbili. Alikuwa ameisha kusema na dereva wa kamyo, na siku ya posho, ni kusema Jumamosi ya juma ile, kamyo itapita Komanda kupakia bibi, watoto, magodoro, na kuku. Na shamba, bibi ataiachia shemeji alime. Mimi nilizaliwa kwa watu wa shamba. Shamba ukishaiachia mutu, akipanda, huwezi kurudi juma ingine kungoa mahindi yake useme nilikuwa nafanya mchezo. Mwaka mumoja umeenda, na kama huyo mutu ni shemeji, labda mingi.

Kwa hiyo kama hakuna mutu anamuambia mbele ya siku ya posho, watoto wake watafika hapa na magodoro, na baba yao hana kazi, na nyuma yao hakuna shamba. Ile tu njo ilikuwa inanisumbua. Kazi yangu mimi, Mungu ataona. Mikono yangu inajua kukaanga.

Kumbe chini ya payoti tulikuwa hatujamaliza. Kwetu mukutano haiishi bila sala, na mwenye anaomba ni mutu mukubwa wa miaka. Dereva akasema, “Papa, tufungie.” Muzee akavua kofia. Akamushukuru Mungu juu ya madamu. Akamushukuru juu ya proje hii yenye inaendelea, juu ya mulango yenye walimupa kuchunga, juu ya foto. Akaomba juu ya bibi yake na watoto wenye Mungu anawaleta siku ya posho, wafike salama, wapate nafasi shuleni, wakuwe watu. Aliomba vizuri. Nimesikia mapadri wanaomba vibaya kuliko ile.

Na watu wote wakasema Amina. Wote. Papa wa lojistiki alisema Amina na sauti kubwa. Madamu pia alisema, amefunga macho, hajui hata anaitikia nini. Mimi sikuitika. Amina kwangu haiko kama kupiga mikono. Ni kumuambia Mungu kwamba hii yenye tumesema ni kweli, tunasimama nayo. Sasa tulisimama na nini pale?

Jioni, mbele ya kuenda masomo, niliwaambia watu wa nyumba yangu. Nilipakua ugali, nikasema: mwisho wa mwezi sina kazi tena, biro inafungwa. Binti yangu mukubwa aliuliza tutafanya nini, nikamujibu nitaanza kukaanga mandazi na samaki hapa mbele ya lupango, inje ya uzio yetu, na yeye atanisaidia akitoka shule. Akasema sawa. Ilimalizika vile, hata ugali haikupoa. Bwana yangu tu njo alikula kidogo kisha akasema:

“Lakini kwa majirani usiseme.”

“Niseme nini? Niko konje?”

“Mama, mimi nasema tu.”

“Barabara hii imejaa watu wa konje, papa. Hakuna nafasi tena.”

Basi unaona namna nilifika mbele ya ule ubao.

Kesho yake nilianza na papa wa lojistiki. Nilimukuta anahesabu viti. Nilimuambia muzee wa mulango hajui.

“Namna gani hajui? Nilitafsiri yote.”

“Ulisema hatua ingine.”

“Ni vile inasemwaka, mama. Huwezi kumuambia mutu muzee kazi yako imeisha mbele ya watu. Ni kumukosea heshima.”

“Sawa. Muambie pembeni.”

“Pembeni tena ni mbaya zaidi. Atafikiri ni mimi nimemufukuza.” Akashika kiti ingine, akaigeuza miguu juu, akaiangalia kama vile hajawahi kuona kiti. “Ongea na dereva. Yeye njo alitafsiri Kiswahili.”

Dereva mukubwa nilimukuta jikoni kwangu mwenyewe, anakula mandazi zenye sijamupa.

“Yaya, ndugu yangu,” nilisema, “muzee analeta watoto siku ya posho.”

“Najua. Aliniambia mara mingi.”

“Na weye ulimuambia tuko pamoja.”

“Tuko pamoja. Si ni kweli? Wote tunaenda pamoja.” Alicheka na mandazi mudomoni. Aliona sicheki, akameza. “Mama, muzee iko na furaha juma hii. Kwa nini kumuharibia? Acha ifike siku ya posho, tutaona.”

“Siku ya posho kamyo itakuwa imeisha kupakia.”

“Ile kamyo ya Komanda? Ile naijua. Itavunjika njiani. Usikuwe na haraka.”

Nilimunyanganya sahani.

Mama wa kufagia walisema haiko kazi ya wanawake kumuambia mwanaume mambo kama ile. Sentineli wa usiku, mwenye anabadilishana na muzee kwenye mulango, alisema alitaka kumuambia lakini alimukuta anaimba. Hivi njo tuko. Watu wazima wote wa lupango, kila mutu iko na sababu yenye inaitwa heshima, na kamyo inakuja.

Basi nilibeba chai, nikaenda mulangoni mimi mwenyewe.

Muzee alikuwa amekaa kwenye kiti yake, kofia kwenye magoti. Aliponiona alifurahi, akauliza mara moja, “Mama, ulimuuliza masera, yule sista, juu ya nafasi ya shule?”

“Papa, usilete watoto.”

“Shule imejaa?”

“Haijajaa. Kazi njo imeisha. Mwisho wa mwezi biro inafungwa. Weye, mimi, madereva, wote tunaenda. Madamu alisema kwenye mukutano, lakini wale wenye walitafsiri walizunguka.”

Aliniangalia, kisha akacheka, cheko ya kunihurumia.

“Nyiye wa jikoni munasikia mambo ndani ya sufuria.”

“Nilisikia pale pale chini ya payoti.”

“Na mimi nilikuwa wapi? Madamu alinishukuru. Walinipiga foto, mimi mutu wa mulango, wakaniweka karibu na gari. Nikaombea kazi hii mbele ya watu wote, na wote wakaitikia Amina. Weye hukuitika?”

“Sikuitika.”

Hapo aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini. Nilifikiri sasa ameamini, lakini hapana. Alianza kunieleza kitu, polepole, vile mutu anamueleza mutoto wa mugini mwenye hajui ng'ombe.

“Mama, mimi nilichungia watu ng'ombe. Mutu akitaka kuchukua ng'ombe yake kwangu, hatumi mutoto wala hatumi bibi. Anakuja mwenyewe. Anakaa, ninamupa maziwa, anakunywa. Anaonyesha na kidole: ile, na ile. Kisha anaenda nazo, na siye tunabaki marafiki. Mutu mwingine akija kuniambia fulani amenituma nichukue ng'ombe, namuita mwizi. Sasa kazi hii nilipewa na madamu, na mukono yake. Weye uko mutu muzuri, chai yako ni muzuri. Lakini kazi siyo weye ulinipa.”

Na alirudisha kofia kichwani, ni kusema tumemaliza.

Kitu yenye ilinichokesha zaidi ni kwamba muzee alikuwa na haki. Nilirudi jikoni, nikachemusha maziwa kidogo, nikatia ndani ya chai ingine. Nyuma nikaenda kwa madamu.

Nilimukuta katikati ya makartoni. Kingereza yangu iko ya kutambaa, lakini inafika. Nilimuambia: madamu, muzee wa mulango hajui.

Akasema, hapana, alikuwa pale, aliomba sala muzuri sana.

Nikamuuliza: unajua aliomba nini?

Hakujua. Nikamuelezea, neno kwa neno, bibi, watoto, kamyo, shamba. Alikaa juu ya kartoni, na kartoni ikabonyea. Alisema atamuambia papa wa lojistiki aende kuzungumuza naye. Nikasema hapana, madamu. Weye. Leo. Na utakunywa chai naye kwanza.

Hakuuliza kwa nini, na juu ya ile ninamushukuru mpaka leo. Tulienda naye mulangoni. Nilileta kiti ingine. Alitaka kusimama, vile wageni wanafanyaka wakiwa na mambo mbaya ya kusema, nikamuambia akae, akakaa. Nikatoa vikombe. Muzee aliona chai ya maziwa, akaniangalia, akaangalia madamu, na uso yake ikafungika kidogo. Alikunywa. Madamu alikunywa, akajiunguza ulimi, akavumilia.

Kisha akaanza. Na pale, wapendwa, nilisikia ubao ya mwalimu inatembea mbele yangu, maneno moja nyuma ya ingine, na sasa niliyajua kwa sura. Alisema hali ilibadilika. Alisema ilikuwa uamuzi ngumu sana. Alisema wanalazimishwa kumuachilia aende. Alisema atakosekana sana, na kwamba mulango ingine itafunguka mbele yake, na kwamba hii haiko kwaheri. Alisema mpaka chai yake ikapoa. Mara mingine alinyamaza aniachie nafasi ya kutafsiri, na mimi nilimuonyesha na mukono aendelee tu, amalize.

Alipomaliza, nilimuambia muzee:

“Papa, anasema kazi imeisha.”

Madamu akaniangalia. Aliuliza kama ni ile tu.

Nikasema ni ile tu, madamu.

Akasema lakini yeye alisema mambo mingi.

“Ndiyo,” nilisema. “Ulisema mingi.”

Muzee aligeuza kikombe ndani ya mikono. Kisha akasema, “Muulize: nilikosea nini?”

Nilimuuliza. Madamu akaweka mukono kwenye kifua, akaanza tena, na nikaona tutalala pale. Nikasema, “Hakuna, papa. Hukukosea. Pesa yao imekauka kule inatokeaka.”

“Na yeye?”

“Na yeye pia. Wanamurudisha kwao.”

Muzee akamuangalia madamu vizuri, kutoka viatu mpaka nywele.

“Iko na watoto?”

“Hana.”

“Basi yeye afadhali,” alisema. Na akamugeukia, akamuambia kwa Kiswahili, “Pole, mama.” Ile neno madamu aliisikia bila mutu kutafsiri. Alimushika mukono muzee na mikono mbili, akasimama, akarudi haraka kwenye makartoni yake. Hakutaka tumuone.

Nilifikiri sasa nimemaliza. Nilikuwa na maharagi kwenye moto. Lakini siku ya posho ilikuwa karibu, na bibi alikuwa hajui, kwa hiyo nilimuambia muzee apige simu pale pale. Akatoa telefone yake yenye imefungwa na kamba ya mpira. Akapiga. Sauti ya yule mama ilitoka kubwa sana, nikasikia kila neno, hata kuku nyuma yake.

“Halo, mama watoto,” alisema muzee. “Habari ya huko?”

“Muzuri. Nafunga magodoro.”

“Eh. Na mvua?”

“Ilinyesha kidogo.”

“Eh. Basi ni vizuri.” Alijikuna shingo. “Nasikia barabara haiko muzuri siku hizi.”

“Barabara gani? Makamyo inapita hapa tangu asubui.”

“Inapita, ndiyo. Lakini watu wanasema. Na juu ya shule pia, hapa wanasema mambo iko inabadilika kidogo. Ninawaza labda tuangalie kwanza. Juma ingine, ao ile ingine, tutaona namna hali itakuwa.”

Hali. Kumbe na yeye pia anazunguka. Nilisimama pale na sinia mukononi, nikasikia damu inapanda mpaka kwenye kitambaa ya kichwa. Nimezunguka lupango muzima juu yake, nimekalisha muzungu kwenye kiti ya sentineli, nimeacha maharagi yangu iungue, na yeye sasa anamuambia bibi yake barabara.

“Papa,” nilisema, “nipe.”

“Mama, ngoja, namuelezea.”

“Hapana, humuelezei. Nipe.”

Alinipa. Labda alifurahi kunipa, sijui.

“Mama,” nilisema ndani ya telefone, “mimi ni mupishi wa hapa kazini kwa bwana yako. Kazi yake imeisha. Biro inafungwa mwisho wa mwezi. Usifunge magodoro, na shamba usimuachie shemeji.”

Kule kuku ikalia.

“Iko mugonjwa?” aliuliza yule mama.

“Hapana.”

“Wamemufunga?”

“Hapana. Iko hapa, anakunywa chai. Ni kazi tu.”

Alipumua mpaka telefone ikalia. “Eh, basi si angesema vile. Namna alianza na mvua na barabara, nilifikiri kuko mutu amekufa.”

“Ndiyo, mama.”

“Shamba nimeisha kumuonyesha shemeji mipaka. Lakini jembe hajaleta bado. Nitamukimbilia sasa hivi.” Nilisikia anaita mutoto amuletee kandambili. “Atakasirika, lakini akasirike tu. Muambie huyo muzee, akishamaliza mwezi asibaki kuzurura Bunia kutafuta mulango ingine. Mahindi iko karibu kukauka, na mimi peke yangu siwezi kuvuna. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Na muambie asinisemee tena mambo ya barabara.”

Ilikatika. Nilimurudishia muzee telefone yake. Alikuwa anaiangalia kama vile yule mama atatokea ndani.

“Alisema nini?”

“Umesikia mwenyewe, papa, sauti ile inafika sokoni. Alisema mwisho wa mwezi urudi kuvuna.”

“Amekasirika?”

“Juu ya barabara, ndiyo.”

“Na shamba?”

“Anakimbia kwa shemeji. Jembe bado.”

Alipiga mahesabu ndani ya kichwa, niliona macho yake inatembea kule, kwenye mipaka ya shamba, kutoka mwisho moja mpaka ingine. Nyuma akamaliza chai yenye ilikuwa imepoa kabisa, akanipa vikombe yote mbili. Inje gari ilikuwa inapiga honi, dereva wetu mukubwa anarudi kutoka mugini na hana haya. Muzee akasimama, akapangusa suruali, akaenda kumufungulia mulango.